Betri ya Kwenye Mfuko wa Aproni

Marlys,

Hukunifungulia mlango wa chumbani, basi naongea na karatasi. Yenyewe hainikaripii.

Asubuhi sikutupa betri ya sigara yako ya umeme kwa chuki. Uliitia kwenye mfuko wa aproni pamoja na funguo, chuma kikagusa chuma, ikaanza kuchemka. Pale nilipoitupa uani iliyeyusha theluji mpaka nyasi za mwaka juzi zikaonekana, na jirani yetu Delbert akaja kuota moto. Muulize. Ataapa, nimeshampanga.

Ile iliyobaki usiichaji. Dude lako linakula betri mbili kwa mpigo, na hizo zilinunuliwa pamoja, zikachajiwa pamoja, sasa zinastaafu pamoja kama sisi. Ukiiunganisha na mpya, kuukuu itazidiwa na mzigo na kuchemka kama mwenzake. Naenda mjini kukununulia jozi nyingine, na visanduku vyake vya plastiki. ~~Nikiona tena funguo karibu~~ Basi, yameisha.

Supu ya jana ipo, ipashe.

Umesema utarudia sigara za kiberiti. Miezi kumi na minne hujazigusa, Marlys, na jana ulipanda ngazi huku unaimba. Vibaya, lakini unaimba. Ile pakiti uliyoficha nyuma ya unga ~~nimeitupa~~ nimeiona, sijaigusa. Nivumilie mpaka saa sita mchana. Barabara ni barafu tupu, nami naendesha kama mama yako.

Mumeo