Mlango Usiofunguka Angani

Gihundwe, Jumapili

Maman yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa watoto. Goti lako limepoa, au bado linakusumbua unaposhuka sokoni? Sisi huku miili ni mizima. Ikirezi amepona malaria na ameanza tena kugombana na kila mtu, basi ujue amepona kweli. Nakuandikia kwa sababu simu yangu unaikata. Barua hii anakuletea Mukankusi, anayevuka daraja la mpakani na nyanya zake za kuuza. Nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujaichana, maana nakujua.

Umesikia kwamba mdogo wangu Cassien yuko mahabusu, na ulimtuma mjomba Valens aniambie niwaeleze wapelelezi kwamba sikuona kitu, watu walikuwa wengi, mkono wa nani ulioua haujulikani. Maman, mimi nilikuwa kwenye kiti cha nyuma ya yule mzee aliyeuawa. Niliona kila kitu.

Tulikuwa tunarudi kutoka harusini Kigali. Barabara ya msitu wa Nyungwe ilikuwa imefungwa na maporomoko, ndipo Cassien akatukatia tiketi za ndege. Unamjua mwanao: chini mdomo mkubwa, juu anatetemeka. Tangu utoto wetu kule Bukavu alikuwa akiiota ile hadithi yako ya ndege ya mizigo iliyofunguka mlango juu ya msitu, watu wakamwagika kama maharage. Mbele yangu aliketi Straton, mkulima wa mpunga wa Bugarama, ambaye ushirika wake ulikuwa umemtuma mkutanoni. Hakuwa amepanda ndege maishani. Isimbi, msichana anayehudumia abiria, alimfunga mkanda kwa mikono yake, na mzee akamshukuru kana kwamba amepewa ng'ombe.

Juu ya msitu ndege ikaanza kurushwa huku na huko. Watu wakapiga kelele kwamba tunaanguka. Cassien alilia kwa sauti, machozi kabisa, akiita jina lako. Isimbi akatangaza kwamba hatuanguki, ni upepo tu, ndege inatikisika kama lori kwenye mashimo na mabawa yake yametengenezwa ili yapinde. Nani alimsikiliza? Straton akashikwa na kichefuchefu. Nawe unajua tunavyofanya sote kwenye kona za Nyungwe: unafungua dirisha la gari, unatapika nje, safari inaendelea. Mzee akapapasa dirisha, hakuona pa kusukuma, akashika mpini mwekundu uliokuwa karibu na bega lake. Ulikuwa mpini wa mlango wa dharura.

Mwanamke mmoja akapiga ukelele: “Anafungula mulango! Tunakufa bote!”

Cassien aliruka kutoka kiti cha ng'ambo ya pili, akampiga mzee ngumi ya mdomo, meno yakamtoka. Wanaume wawili wakamsaidia. Mmoja alimshika kichwa akakigonga dirishani, akakigonga, mpaka kioo kikawa chekundu na sikuona tena mawingu. Mzee alikuwa akiomba msamaha kwa Kinyarwanda, damu ikimtoka pamoja na maneno. Isimbi akajipenyeza katikati yao akipaza sauti kwamba mlango ule haufunguki angani, kwamba hewa ya ndani inaubana kwenye fremu yake na hata wanaume kumi hawauwezi. Kiwiko cha mtu kikampasua nyusi. Ndipo Cassien akang'oa kizima moto ukutani, akampiga nacho Straton kichwani. Akampiga tena. Nilisikia mfupa, Maman. Nilimvuta shati likachanika, akanisukuma nikaangukia watu.

Rubani alikuwa ameshaanza kushuka uwanja wa Kamembe, lakini kwa sababu watu walikuwa wamesimama, ilimbidi apande tena na kuzunguka juu ya ziwa. Ndege ilipoinama, wale wapigaji waliangukiana, mmoja akavunjika mkono, na kile kizima moto kikaruka kikapita karibu na uso wa mtoto mchanga. Straton hakusogea. Mkanda wake ulikuwa bado umefungwa vilevile alivyofungwa na Isimbi.

Alikufa hospitalini siku ya pili bila kufumbua macho. Nilikwenda Bugarama kumzika. Mkewe, Nyirarukundo, aliniuliza kama mumewe aliogopa kule juu. Nikalia tu, naye akanifariji yeye.

Hata baada ya hapo nilikuwa tayari kukutii. Nilijiambia kwamba Cassien alikuwa na hofu, na kwamba katika zile kelele asingeweza kumsikia Isimbi. Nilimpelekea chakula nikamwambia kwamba hivyo ndivyo nitakavyosema. Akaacha kula. Akanitazama mimi dada yake, akasema: “Nilimusikia, yaya. Nilisikia bien, muzuri kabisa, kama mulango haifunguke. Lakini nilikuwa nimesha lia mbele ya batu, na ule mzee alikuwa ananiangalia.”

Nilimuuliza kama hiyo ndiyo sababu alichukua kile chuma. Akaitikia kwa kichwa.

Maman, juzi nilikwenda kwa wapelelezi nikawaeleza yote, pamoja na hayo ya mwisho. Nimetia saini. Najua utanilaani, na laana yako naiogopa kuliko unavyodhani. Cassien nilimbeba mgongoni mimi, nikamfundisha kuogelea mimi, na roho inaniuma mpaka siwezi kula. Jana nilirudi kwake nikamwambia nilichofanya. Hakunitukana. Alikula chakula chote, akaniomba nimletee sweta.

Kesi itasikilizwa hapa Rusizi. Uje, tafadhali, kitanda chako nimeshakitandika. Ila mahakamani usinitafute upande wenu. Nyirarukundo hana mtu wa kukaa naye, nami nimemwahidi kwamba nitakaa.

Nisalimie mjomba Valens na majirani wote wa uani, na goti ulipake ile dawa niliyokutumia.

Mimi mwanao akupendaye,

Dative