Mashine Uliyoiita Yako

Mama,

Nakuandikia nikiwa nimekasirika. Nilingoja hasira ipoe kwanza nikuandikie vizuri, ikakataa kupoa, kwa hiyo utaipokea barua hii na moto wake. Najua ungeniita binti wa Uriri kama kawaida yako, uniambie, "Nyar Uriri, toa yote, usiniwekee." Basi natoa yote, kama tulivyozoea mimi na wewe, mke wa mwana na mama mkwe wasiofichana.

Adhis hajambo. Hilo ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama mwanao amekula. Mjukuu wako yuko gredi ya pili sasa. Mwalimu anamweka kando ya mlango kwa sababu hapo ndipo kiti chake cha magurudumu kinapita. Amejifunza kusoma kwa sauti na anatusomea kila kitu, hata maandishi ya pakiti ya unga. Na amerefuka. Wazazi wengine mtoto akirefuka hufurahi. Mimi kila nilipomvisha sketi nikaona imepanda juu ya magoti, niliivuta chini kana kwamba ningeurudisha urefu.

Ni hivi, Mama. Tangu tukuzike, Adhis hakutembea tena. Mashine yake ya kumtembeza ilikuwa ndani ya nyumba yako, ng'ambo tu ya uwanja, naiona kupitia dirisha nikifagia, na mlango umefungwa kwa kufuli. Na kilichofunga huo mlango ni maneno yako mwenyewe.

Unakumbuka ilivyofika. Tulikuwa tumechoka na safari za hospitali kule Homa Bay, mimi nimembeba Adhis mgongoni na miguu yake imekakamaa kama ubao, wewe nyuma na mfuko wa chakula. Daktari Lilian, yule wa mazoezi, akatuonea huruma. Akazungumza na watu wa mradi wakakubali tuazimwe mashine, tufanyie mazoezi hapa nyumbani Ndhiwa, naye awe anakuja kutukagua. Kabla sijafungua mdomo kuuliza tutaiweka wapi, wewe ulikuwa umeshaanza kusukuma viti vyako ukutani. Kwako kuna stima na sakafu ya saruji. Kwangu ni udongo, na Lilian alisema vumbi likiingia kwenye mota, kwisha.

Siku ya kwanza niliiogopa. Chuma kutoka kiunoni mpaka kwenye nyayo, mikanda kila mahali, mota kwenye nyonga na magoti, betri mgongoni. Nikasema moyoni, mtoto wangu atamezwa. Wewe uliizunguka ukaikagua kama ng'ombe wa sokoni, ukauliza inakula nini. Lilian akacheka, akasema inakula stima. Ukasema, "Afadhali. Haitagombania ugali."

Halafu Adhis akavishwa, akashikilia kile kigari cha mbele, na mguu ukainuka. Mashine ikauinua, ikauweka chini, ikainua mwingine. Wewe ulikuwa nyuma yake ukimwimbia, "Wuothi, nyakwara, wuothi," tembea, mjukuu wangu, tembea, na sauti yako ikaanza kukatika. Mtoto tuliyeambiwa tumzoeshe kukaa alitoka kando ya kabati akafika mlangoni akiwa wima. Nilitoka nje nikalia nyuma ya jiko, maana sikutaka anione nikilia siku kama hiyo.

Baada ya wiki chache alikuwa anajua kuegemea mbele mwenyewe ili mguu ufuate. Lilian alisema misuli ya mgongo inaamka. Hata usiku alilala bila ile mikakamao ya kumliza. Ilikuwa inafanya kazi, Mama. Ndiyo maana nina hasira hivi. Kama ingekuwa haifanyi kazi ningekuwa nimeshasahau.

Kisha watu wakaanza kuja. Vijana wa boda walitaka kuchajia simu kwenye betri. Jirani akaomba baba yake aliyepooza ajaribu, mzee mzima, kwenye mashine ya mtoto. Wengine wakanong'ona kwamba wageni wanamfanyia mtoto wetu majaribio. Na mimi, mke wa mwana wa mwisho, nikisema jambo katika boma hili wananipita kama upepo. Basi siku moja ulisimama mlangoni na mwiko wa ugali mkononi, ukawaambia, "Hii mashine ni yangu. Mwenye anataka kuigusa, anizike kwanza."

Walicheka, lakini walirudi nyuma. Mimi pia nilicheka. Nilikupenda sana siku ile, nakwambia kweli. Tangu hapo kila aliyeuliza ulimwambia ni yako. Mchungaji ulimwambia ni yako. Mwanao mkubwa, shemeji Otieno, alipopiga simu kutoka Nakuru akuulize hicho chuma ni cha nani, ulimwambia ni chako. Hakuna mtu aliyegusa hata mkanda.

Halafu presha ikakuangusha kwenye shamba la njugu, asubuhi, jembe bado mkononi. Sitaki kuandika siku hiyo.

Baada ya mazishi Otieno, kama kifungua mimba wako, akafunga nyumba yako akaweka ufunguo mfukoni. Nikadhani ni sawa, ndivyo inavyofanywa: vitu vya mama havitoki mpaka watoto wake wakae pamoja wavigawane, na binti aliyeolewa awepo. Ila binti yako Atieno alikuwa amejifungua juzi tu kule Migori, hangeweza kusafiri. Otieno naye ruhusa ya kazi ikawa imeisha. Wakasema tungoje. Nikamwendea Otieno kabla hajaondoka, nikamwambia, shem, mnaweza kungoja kugawa vyungu, lakini mashine ya Adhis naomba itoke leo. Akaniangalia kama niliyeomba nimvue Mama kitambaa cha kichwa. Akasema, "Mama mwenyewe aliniambia ni yake. Kitu ya Mama haiwezi toka kabla tugawe."

Nikamwambia ni ya kuazimwa. Akasema Mama hakuwa mwongo.

Unaona umenifanyia nini? Nilimpigia simu mpaka akaacha kupokea. Siku moja alipopokea nilimwambia, Mama alisema anayetaka kuigusa amzike kwanza, na mimi nilikuwa kaburini, nilitupa udongo kwa mkono wangu, kwa hiyo nimetimiza. Akasema nisifanye mzaha na marehemu. Mwanao, mume wangu, nilimwomba avunje tu ile kufuli. Akakuna kichwa, akasema, "Wacha bro akuje." Kila siku wacha bro akuje. Nikasema basi nitaivunja mimi, ndipo wamama wa ukoo wakaja kunikalisha chini na kunitajia chira, laana ya kuvunja mila, kwamba mke akiingia nyumba ya mama mkwe aliyekufa akachomoa vitu kabla ya wakati, mtoto wake atakonda mpaka aishe. Wanamtajia mtoto wangu kifo na mtoto mwenyewe ameketi hapo anasikia. Niliogopa, Mama. Sitajifanya shujaa. Ningekuwa na mtoto mwenye nguvu labda ningethubutu.

Lilian alikuja, akakuta kufuli. Akaja tena, akakuta kufuli. Alijaribu kumpigia Otieno, akajibiwa kwa heshima nyingi na bila msaada wowote. Alimnyoosha Adhis mikononi mwangu, akampima mguu kwa utepe, na uso wake ukabadilika. Akaniambia mashine ile ina mwisho wa kurefushwa. Mtoto akipita hapo, goti la mashine na goti la mtoto hayakutani tena, itamuumiza. Akasema pia betri ikikaa bila chaji itakufa. Nikawa nachungulia dirishani kwako kama mwizi, naiona imesimama kando ya kabati, imefunikwa leso yako ya kanisani. Adhis alikuwa akiniuliza habari za bibi yake, "Dani amemaliza kulala? Tufungue?" Nilimweleza umeenda, akaelewa, lakini bado aliuliza kuhusu mlango. Miguu yake ikaanza kukakamaa usiku tena.

Hatimaye walikuja. Atieno alifika na mtoto wake mgongoni, mnono, anafanana nawe mdomo. Kufuli ikafunguliwa, vitu vikatolewa uwanjani. Atieno akachukua vyungu na sufuria kubwa, Otieno kiti cha Baba, mume wangu redio. Mashine ikawekwa katikati ya vitu hivyo, kati ya godoro na karai. Wakashauriana. Kisha Otieno akasema kwa sauti ya baraka kwamba Mama amemwachia Adhis mashine yake. Watu wakapiga makofi. Nikapiga magoti nikapokea kwa mikono miwili, nikasema asante kwa kupewa kilichokuwa chetu. Nilimeza mate machungu siku ile, lakini nikasema moyoni, potelea mbali, mradi imetoka.

Lilian akaja Jumatatu na betri nyingine. Adhis alikuwa ameamka mapema, amejipaka mafuta miguuni, mafuta mengi mpaka soksi zikalowa. Tukamvisha. Kiuno kikabana. Mkanda wa paja haukufika. Lilian akarefusha chuma mpaka kikagoma, akaweka kidole kwenye goti la mashine, na goti la Adhis lilikuwa chini yake, wazi kabisa. Hakuwasha hata. Alifungua mikanda polepole. Adhis akasema, "Jaribu tu. Sitalia." Lilian akamwambia haiwezekani. Mtoto hakulia. Mimi ndiye niliyelia, mbele ya watu wote, kwa sauti, na sikuona haya.

Ngoja, bado. Lilian akasema kuna mashine ya ukubwa unaofuata, lakini mradi hautoi nyingine mpaka hii irudi, kwa maana kuna mtoto kule Magunga anayeisubiri. Nikasema ichukue hata sasa hivi. Otieno akasimama. Akasema kitu kilichogawanywa mbele ya ukoo hakipewi mgeni, watu watasema tumetupa urithi wa Mama. Lilian akaeleza kwa upole kwamba haikuwa ya Mama kamwe. Otieno akarudia lile neno lake: "Unataka kusema Mama yetu alikuwa mwongo?"

Niliwatazama mmoja mmoja. Mume wangu alikuwa anatazama viatu vyake. Wamama wa ukoo walikuwa wanajua ukweli, walikuwepo siku Lilian alipoileta, na wote walikuwa wanatazama kuku. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuna atakayesema. Ni vibaya sana kumsema aliyelala, na mashine ingekaa kwangu iote kutu, na Adhis angekaa kwenye kiti, na mtoto wa Magunga naye, sote tukilinda jina lako.

Kwa hiyo nimesema mimi, Mama, na ndiyo sababu ya barua hii. Nataka usikie kutoka kwangu. Nilisimama mbele ya watoto wako nikasema: ndiyo, Mama alidanganya. Aliwadanganya wote, mchungaji pia. Alidanganya kwa sababu bila huo uongo mngeibomoa ile mashine kwa wiki moja, na nilikuwepo, na nilicheka. Sasa uongo wake umemaliza kazi, na mnautumia kumfunga mtoto aliyemdanganyia.

Mmoja wa wamama alifunika mdomo. Otieno akachukua koti lake akaondoka bila kula, na unajua mwana akiondoka nyumbani kwa mama yake bila kula ameisusa nyumba. Atieno alinikazia macho kwa muda mrefu, nikasema leo ananipiga. Kisha akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, akasema, "Huyo ndio Mama. Ata mimi aliniambia hiyo redio ni yake, na Baba ndiye alinunua." Akamfunga mtoto wake vizuri mgongoni, akashika upande mmoja wa mashine, mimi upande mwingine, tukaipeleka kwenye gari la Lilian.

Lilian hakuniahidi siku. Alisema anafanya bidii. Nimeshasikia bidii za watu wengi tangu Adhis azaliwe, na hii nayo nimeipokea hivyo hivyo. Shemeji yangu hasemi nami. Mume wangu anasema nilisema kweli, lakini anasema kwa sauti ndogo tukiwa jikoni. Adhis alimwita Lilian kwenye dirisha la gari akamuuliza, "Huyo mtoto wa Magunga ako na dani?" Lilian akasema hajui. Adhis akamwambia aulize.

Nakuahidi hivi. Mashine kubwa ikifika, nitasimama mlangoni mwenyewe. Nitasema ni ya kuazimwa, ni ya Adhis mpaka aipite kimo, halafu ni ya mtoto mwingine, na haiguswi. Wakinipita kama upepo nitapiga kelele mpaka watu wa kule Rodi Kopany wasikie. Nitaisema kila siku, ili hata nikianguka kesho shambani kama wewe, asiwepo wa kuifungia. Na nitatembea nyuma ya Adhis. Siwezi kuimba, unajua, lakini nitakuwepo.

Lala, Mama. Bado nimekukasirikia. Ungewaambia tu watoto wako ukweli hata mara moja, hata kwa simu. Lakini hakuna mwingine aliyewahi kusema uongo kwa ajili ya mtoto wangu, na kila asubuhi nikimnyoosha miguu peke yangu nakutafuta upande wa pili wa mkeka.

Ni mimi, ninayekuita mwongo mbele ya watu na kukulilia nikiwa peke yangu,

Nyar Uriri