Mkono wa Kulia wa Baba Dagaa

Jumatatu, 3 Machi

Baba Dagaa karudi jua likiwa bado kali. Si kawaida yake. Mtu wa kurudi na kiza, leo kaingia alasiri, hakuvua hata viatu, kajitupa kitandani. Nikamuuliza kulikoni. Ati kachoka tu. Wavu ulinasa kwenye propela ya meli, wakamshusha akaukate, akakaa chini muda mrefu. Halafu akapanda haraka — hili kalisema anacheka. Mpira wa hewa ulijikunja, angefanyaje, angoje kibali?

Mimi sikucheka. Nimeolewa na mpiga mbizi, najua mtu hapandi haraka kutoka kule. Unapanda unapumzika, unapanda unapumzika, hata kama mkojo umekubana. Kaka yangu ndiye aliyenieleza. Yeye ndiye mshika kamba wake: Baba Dagaa yuko chini kwenye tope, kaka yuko botini na ncha ya pili, wanaongea kwa kuvuta. Mvuto mmoja, niko salama. Miwili, nilegezee. Mitatu, nivute upesi!

Nimemkanda kwa maji ya moto, bega, kiwiko, kiganja. Dagaa naye kapanda kitandani kusaidia. Msaada wake ulikuwa kumkalia baba yake mgongoni.

Jumatano, 5 Machi

Kavunja glasi nyingine. Nikamtania, kama unataka tunywee makopo sema tu. Kaenda kuchukua ufagio. Mtu ambaye huwa hakubali utani umpite! Kafagia vigae mwenyewe, kwa mkono wa kushoto.

Bandarini hakuna meli ya kusafisha wiki hii, kwa hiyo yuko nyumbani. Afadhali. Chekechea imefungwa na mimi dobi sina likizo. Atashinda na mwanawe.

Ijumaa, 7 Machi

Siku njema. Niandike hata siku njema, maana nikija kusoma humu nitadhani nilizaliwa nimenuna.

Nimetoka kazini mikono inanuka blichi, nikawakuta ufukweni mbele ya nyumba. Dagaa kafungwa kamba kiunoni kama kawaida, anarukia mawimbi madogo, na baba yake kakaa mchangani na ncha ya pili. Ndivyo alivyomlea tangu alipoanza kutembea. Majirani wanatucheka: yule mtoto au mbuzi? Wacheke. Mtoto wa miaka minne asiyeogopa maji utamfanyaje? Heri mbuzi aliye hai.

Na alama za kamba anazijua kuliko herufi. Hata ndani ya nyumba, akitaka kubebwa anavuta gauni langu mara tatu. Leo kavuta nikiwa nimebeba beseni la nguo. Tukaanguka sote, mimi, yeye na beseni. Baba yake kacheka mpaka kakohoa.

Jumapili, 9 Machi

Maji ya kumwogesha Dagaa yalikuwa jikoni yanachemka. Sufuria ile yenye mkono wa chuma. Baba Dagaa kaja, kaishika mkono mtupu, bila kitambaa, kaiepua. Kaenda nayo bafuni taratibu huku ananisimulia habari za mechi ya mpira. Mimi nilisikia harufu kwanza. Nikadhani kuna kitu kimeungua jikoni.

Ilikuwa ngozi yake!

Nikapiga kelele. Kaweka sufuria chini, kakitazama kiganja kama cha mtu mwingine. Halafu kanitazama mimi. Hapo nikajua kwamba yeye alikuwa anajua.

Tangu Jumatatu. Mkono wa kulia una ganzi, ilianzia vidoleni, sasa imefika kwenye kiwiko. Nikamwambia twende hospitali kuu, kuna lile tangi la hewa wanalowaingiza wapiga mbizi wakipanda vibaya. Hataki. Akiingia kwenye tangi ndiyo basi, hazamii tena. Na kule chini huoni hata pua yako, mkono ndiyo macho, nani atamweka kazini? Na nyumba hii ni ya bandari, asiye na kazi anatoka. Kasema itaisha yenyewe, wenzake imewahi kuwaishia.

Nikamwambia mficha maradhi, kifo humuumbua. Kanijibu kifo wanapishana nacho kila siku kazini, wanasalimiana. Halafu utani ukamwishia. Kaninong'oneza: kaka yako asijue. Mshika kamba akijua, lazima aseme. Niapie, Mama Dagaa.

Nimeapa. Nimemfunga kiganja kwa bandeji. Jirani kauliza, nikasema chai ilimmwagikia.

Jumanne, 11 Machi

Nitaandika ninavyoweza.

Umeme ulikatika kazini, pasi zote zikazima, tukaruhusiwa mapema. Nikapita ufukweni kufupisha njia. Nikamwona Baba Dagaa kwa mbali, kakaa mchangani, mkono wa kushoto kaukinga juu ya macho. Kulikuwa na meli inaingia bandarini. Alikuwa anaitazama meli. Kamba ilikuwa mkono wa kulia, kaizungusha juu ya bandeji, na mkono umelala mchangani kama gogo.

Nilipokaribia nikaona mkono unaruka. Unatulia, unaruka tena. Kamba imekaza, mchanga unapukutika juu yake, na yeye anatazama meli!

Nikaifuata kamba kwa macho. Kwenye ncha ya pili hapakuwa na mtoto. Palikuwa na wimbi. Likapita, nikaona nywele.

Sijui nilifikaje. Viatu vimebaki huko huko. Nilimkuta mgongo juu, nikamwinua, mwepesi, midomo ya buluu. Nikamgeuza, nikampiga mgongoni, nikampiga tena, nikidhani nitamvunja. Katapika maji. Halafu kalia. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile na sitaki kuisikia tena.

Baba yake kasimama ndani ya maji mpaka magotini, kamba bado imemzunguka mkono. Anauliza kuna nini. Kuna nini!

Nimemtukana matusi ambayo sikujua ninayo. Lakini sasa nimekaa, nafikiri. Baba mwingine yeyote angekuwa anamtazama mtoto. Huyu wangu hatazami, anashika kamba. Ndivyo anavyoishi yeye mwenyewe kule chini — hakuna anayemwona, kuna mtu kashika kamba tu, na inatosha. Hakumsahau mwanawe. Aliitegemea kamba.

Na mimi? Asubuhi nilimwona anaizungusha kamba kwenye mkono ule. Niliona. Nilikuwa nimechelewa, nikasema nitamwambia jioni.

Nimemwambia kila mtu ni wimbi lilimpiga mtoto. Nilipokuwa namvalisha, Dagaa kaniambia: Mama, nilivuta tatu. Nikavuta tatu tena. Baba hakunivuta. Hakulalamika, alikuwa anaeleza tu. Baba yake alikuwa kasimama mlangoni na kikombe cha maziwa. Kakiweka sakafuni, katoka nje.

Jumatano, 12 Machi

Daktari kasema kifua kiko safi, tumwangalie siku hizi mbili. Nimeomba ruhusa kazini. Baba Dagaa hali chakula. Kaikata kamba vipande vipande, kavitupa. Dagaa kamuuliza sasa utanishika na nini.

Alhamisi, 13 Machi

Msimamizi kapiga simu. Ile meli, ile ile iliyoingia Jumanne, ina kitu kimenasa chini. Kesho asubuhi azamie.

Nikasema hapana. Kasema atatumia mkono wa kushoto. Nikamwambia kaa hapa kitini. Fumba macho, nipe huo wa kulia. Nikamwekea kitana. Kasema kitana! — lakini kilikuwa kimekwaruza meza nilipokichukua, alisikia. Nikamwekea kijiko. Kafikiri sana, kasema ufunguo. Nikamwekea kitunguu, kasema ni kijiko hicho hicho.

Mwisho sikumwekea kitu. Nilisimama tu mbele yake. Alikuwa kafumba macho kwa nguvu, kakunja uso kama mtoto anayefanya hesabu, vidole vinachezacheza hewani. Kasema: msumari. Huu msumari.

Nikalia. Kafumbua macho, kakiona kiganja kitupu.

Baadaye nikamwambia nitamweleza kaka. Kanijibu pole pole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma: ukisema, Mama Dagaa, umenimaliza. Nikamuuliza na nisiposema je? Kasema meli moja tu. Kesho, halafu anaomba likizo, anakwenda kwenye tangi kimya kimya, hakuna atakayejua. Moja tu. Nampenda huyu mwanamume, na nimechoka naye, na sijui lipi liko mbele.

Nimeamua. Kaka akija kumchukua nitasema. Kiapo Mungu atanisamehe.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nimesimama, daftari juu ya sinki. Bado hawajaondoka.

Baba Dagaa kashindwa vifungo vya shati. Kaniita nimfunge. Nimemfunga, kimoja kimoja, mpaka shingoni, kanishukuru kama mgeni. Wakati huo huo nikasikia pikipiki ya kaka.

Kaka hakuingia. Kanivuta kando, pale kwenye kamba ya kuanikia. Kasema majirani wana maneno, ati mtoto alikuwa anazama na baba yake kaikodolea macho bahari. Kasema kwa maneno haya haya: “Mdogo wangu, mimi sipendi umbea. Lakini kamba ya shemeji naishika mimi. Akinisikia niko naye, asiponisikia namrudisha ndani ya jeneza. Yuko sawa huyu? Niambie nimwache, namwacha sasa hivi. Nitasema boti ni mbovu, nitasema lolote.”

Ndivyo alivyoniuliza. Mlango wa kusema ulikuwa wazi kabisa. Angeniuliza nini zaidi?

Baba Dagaa alikuwa katokea mlangoni. Kambeba Dagaa mkono wa kushoto, wa kulia kauficha mfukoni. Hakunikonyeza, hakunitikisia kichwa. Kanitazama tu, kakonda wiki hii, mashavu yamebonyea, shati limefungwa vizuri. Dagaa alikuwa anamchezea sikio.

Nikasema: “Yuko sawa, kaka.”

Imetoka yenyewe. Nilikuwa nimefungua kinywa kusema lile lingine! Hata sauti ilikuwa nzuri, ya mtu aliyeamka vizuri. Kaka kapumua. Kanigonga begani, kasema basi, umenituliza moyo, maana wewe hujawahi kunidanganya.

Dagaa yupo hapa miguuni, anauliza Baba anakwenda wapi. Nimemwambia kazini.

Wanafunga begi nyuma ya pikipiki. Baba Dagaa anashikilia kwa kushoto, kaka ndiye anayekaza mpira, haoni kitu, anaongea tu na kucheka. Nikiita sasa watasikia. Dirisha liko wazi. Ni jina la kaka tu, basi, mengine yatakuja yenyewe.

Kaka anapiga kiki. Haiwaki. Anapiga tena. Mungu ananipa nafasi, na mimi naandika. Kwa nini naandika?

Haiwaki. Baba Dagaa kageuka, anatazama nyumba. Hatabasamu.

Imewaka.

Kaka ananipungia. Na mkono wangu nao umeinuka, unampungia.

Wamesimama getini, wanangoja lori lipite waingie barabarani. Naliona paa lake juu ya ukuta. Ni refu, limebeba makontena, linakwenda polepole. Bado linapita. Nina kinywa, nina miguu, mtoto naweza kumbeba. Bado linapita