Chargeur Yako Iko Saio

Papa wangu,

Tangu tulipokuzika, kibanda chako cha Nyakasanza ninakifungua mimi kila siku nikitoka masomo. Watu bado wanaleta barua zao za kuomba kazi ili nizipige kwa mashine. Lakini ordinateur yako, hiyo kompyuta ya kazi, iligeuka kama mtu mwenye homa. Ninaandika sentensi nzima, herufi zinakuja nyuma moja moja, na mteja anahema juu ya bega langu. "Mutoto, mashine iko inalala?" Wengine waliondoka na karatasi zao.

Baba mudogo aliona. Akasema mbele ya mama: mwaka wa masomo ukiisha na mashine iko vile vile, kibanda kinafungwa, na mimi ninaenda Aru kumlindia duka. Hakusema kama kule nitasoma. Mama aliangalia chini. Nilijisikia kama kuku aliyefunikwa na kitunga: ninaona nje, lakini sitoki.

Nilianza na ile programu uliyoweka ili processeur, ubongo wa mashine, isile kuran nyingi, umeme wetu wa jua, siku za jua dogo. Ulinifundisha: "Processeur ni kama piki-piki. Ukipanda mulima, unaongeza mafuta. Ukishuka, unapunguza." Basi nikaiamuru iongeze. Namba ya mwendo ikapanda, na kufumba na kufumbua ikashuka tena chini kabisa. Nikaitoa programu, nikairudisha. Nikazima na ile nyingine iliyokuja na system yenyewe, nikidhani zinapigana. Bure. Nikatafuta programu mpya kwa simu ya mama, kila mahali wakanijibu kwamba system yetu ni ya zamani sana, haipokei tena kitu. Nikalia, Papa. Nililia juu ya herufi za clavier yako.

Halafu siku moja, mashine ikiwaka, nilikuwa na kikombe cha chai mkononi, kwa hiyo sikubofya haraka kama kawaida. Maneno ya Kiingereza yakabaki kwenye kioo. Kila siku nilikuwa ninayaruka! Nikachukua kamusi ya shule. Yalisema: mashine haiijui chargeur hii, waya inayoiletea kuran, kwa hiyo itatembea polepole.

"Soma kwanza, Neema." Mara ngapi uliniambia?

Programu yako haikuwa na kosa. Kosa ni chargeur niliyonunua sokoni, kwa sababu ile yako ilikuwa ndani ya mfuko wako mweusi, na mfuko uliondoka siku ya kumaliza kilio, ndugu zako walipogawana vitu vyako. Shangazi aliuchukua, akaupeleka kwake, mtaa wa Saio. Na unajua desturi yetu: kitu kilichogawanywa kwenye kilio hakirudi. Mtoto akikidai, watasema mama yake ndiye aliyemtuma. Nilikaa na neno hilo peke yangu. Nikimwambia mama, atanikataza. Nikinyamaza, ni Aru.

Jumamosi nilienda. Mfuko ulikuwa umetundikwa juu ya kitanda cha Shangazi, zipu haijafunguliwa hata kidogo. Nikamweleza yote, hata habari ya Aru. Akaushika mfuko kwa mikono miwili.

"Weye unataka niufungue?" akasema. "Mule ndani iko harufu ya kaka yangu."

Sikujua hilo. Nilidhani alipenda mfuko tu. Tulilia sote wawili, kisha akajipangusa uso kwa kitenge. "Mufuko hautoki hapa. Waya inaweza kutoka, lakini kila usiku ilale hapa."

Papa, leo mashine imekimbia! Nimemaliza barua za watu wote waliokuwa kwenye benchi kabla mvua haijaanza. Baba mudogo amepita, ameangalia. Sijui bado ataamua nini. Lakini ameangalia muda mrefu.

Lala, Papa, usihangaike na sisi. Ninakuahidi: kila jioni, kabla watu hawajafunga milango, nitapita Saio. Nitaikunja waya taratibu kama ulivyokuwa unaikunja wewe, nitairudisha ndani ya mfuko, na Shangazi atafunga zipu haraka, harufu yako isitoke.

Binti yako,
Neema