Nilimwambia Wifi Chai ya Kijani Inaongeza Damu

Mshauri mpendwa, nakuandikia nikiwa na haja kubwa ya msaada wako, na nianze na sauti, kwa sababu ndiyo inayoniamsha: kijiko cha wifi yangu kikikwangua chini ya glasi kila asubuhi, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka tabaka la kijani liishe lote, na mimi nyuma ya pazia nikisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu.

Naishi kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, upande wa New Congo, pamoja na kaka yangu na mkewe, ambaye hapa nitamwita Yvette, mwenye mimba ya miezi sita na damu kidogo. Nilimaliza sekondari, Kiingereza changu ni kizuri, na kwa sababu hiyo nimekuwa mkalimani wa kila mtu, kituoni kwa muuguzi, mikutanoni, mbele ya wageni, na watu huniita "mutoto ya masomo", jina ambalo kwa miaka mitatu nimejifanya silipendi.

Mwezi uliopita alikuja Mutesi, msichana wa mji wa Mbarara mwenye mgahawa mdogo kwenye mtaa wa Ruti, kuwafundisha akina mama thelathini, Yvette akiwa kati yao, namna ya kutengeneza kifungua kinywa cha matabaka kwenye glasi. Chini kabisa unaweka ndizi bogoya, zile tamu za kuliwa mbivu, na parachichi, vilivyopondwa pamoja na chai ya kijani iliyokolea na kupoa, juu yake papai, juu yake maziwa ya mgando, na mwisho kabisa mbegu za marakuja, yaani pasheni, na kila tabaka unalimimina taratibu juu ya mgongo wa kijiko ili lisichanganyike na lililo chini yake. Mutesi alikuja na mashine ya kusagia, lakini umeme wa sola ulikataa, tukaleta kinu, na Mama Libérate, ambaye ametwanga sombe, majani ya muhogo, maisha yake yote, akaziponda zile ndizi kwa nguvu mpaka Mutesi akarudi nyuma hatua mbili.

Kisha Mama Libérate akaegemea mchi na kuuliza, "Sasa hii majani ya kijani iko nasaidia nini? Miye siwezi kunywa kintu sijue." Nikamuuliza Mutesi, naye akajibu kwa Kiingereza neno moja refu, neno la maabara, ambalo nilikuwa nimeliona mara nyingi kwenye paketi za vyakula na sikuwahi kujua ni kitu gani. Ningeweza kusema sijui, ningeweza kumwomba Mutesi anieleze, lakini Mama Libérate akasema, "Tuambie, mutoto ya masomo," na wote wakanigeukia, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Inaongeza damu."

Mshauri, sijui kama umewahi kuona nyuso thelathini zikichangamka kwa pamoja, maana hapa kwetu ni mama gani ambaye hajawahi kuambiwa kituoni kwamba damu yake ni kidogo, na Mutesi naye akatabasamu, akidhani ni uzuri wa matabaka yake.

Baada ya wiki moja Barnabé, Mrundi mwenye duka Base Camp, alikuwa ameandika kwenye kipande cha boksi CHAI YA DAMU, na nilipopita akaniita kwa heshima mbele ya wateja, "Mwalimu! Paketi zote zimekwisha, nimeagiza zingine Mbarara. Imana ikubariki!" Nikaitikia amina, kwa sababu ningesema nini.

Lakini aliyeamini kuliko wote ni Yvette. Kila asubuhi anapanga matabaka yake kwa uangalifu wa fundi anayejenga ukuta, chai yake anaikoleza mara mbili ili damu ije haraka, anaanza kula kutoka juu, na akifika chini, penye uchungu, ndipo anameza kidonge cha madini ya chuma alichopewa kituoni na kukisindikiza na ile chai. Nikimwambia abakishe anacheka: "Buchungu iko mingi, dada, lakini damu ni damu. Na si ni weye ulisema?"

Jumanne hii kipimo kilionyesha damu imeshuka tena, ingawa vidonge anameza. Muuguzi, ambaye Kiswahili chake kinaishia kwenye kuita majina, akauliza anavimeza na nini, nikatafsiri, Yvette akajibu kwa fahari, nikatafsiri, muuguzi akaweka kalamu chini, akasema chai inauzuia mwili kuchukua yale madini, aache kabisa kuvichanganya, na tena ni nani aliyemdanganya kwamba chai inaongeza damu? Hapo nikamwambia Yvette, "Amesema chai uipunguze kidogo, na anauliza ulisikia wapi." Yvette akasema, "Ni ndugu ya bwana yangu, alisoma mingi." Nami nikamgeukia muuguzi, nikamwambia kwa Kiingereza kizuri sana: anasema hakumbuki.

Yvette ni mtiifu, amepunguza kijiko kimoja.

Sasa naomba uniambie, nitaliondoaje neno lile? Sina shamba wala duka, nina kuaminiwa tu, na nikisema nilidanganya, nani atanikabidhi maneno yake tena? Je, nimwombe Mutesi abadilishe mapishi kimyakimya, aweke kitu kingine mahali pa chai? Au nimwambie Yvette kwamba nimeota ndoto mbaya juu ya ile chai? Ndoto anaziheshimu.

Wako katika fadhaa,
Mkalimani, Nakivale

JIBU LA BI JOCELYNE

Mkalimani, picha za kurasa zako nne zilinifikia Alhamisi asubuhi, nami nilikupigia simu kabla chai yangu haijapoa, maana damu ya mjamzito haingojei gazeti la Jumapili. Niliyokuambia nayaandika hapa kwa ajili ya wasomaji wengine, hasa wale walio nyuma ya mapazia yao.

Pole, binti yangu. Najua ilivyo kusimama mbele ya watu wanaokuamini kupita kiasi. Uongo wako wa kwanza nauelewa, ulikuwa wa aibu, na aibu humpata kila aliyesoma kidogo akasifiwa sana. Ule wa kituoni siuelewi na sitaubembeleza. Kwenye kinu hukujua. Mbele ya muuguzi ulijua, na ukachagua jina lako kuliko damu ya mke wa kaka yako.

Umeniandikia kurasa nne juu ya sauti ya kijiko. Pumzi hizo zingetosha kusema maneno matano: usimeze kidonge pamoja na chai. Ungeyasema Jumanne, leo tungekuwa tunazungumza habari ya marakuja.

Ndoto, hapana. Mwanamke anayeheshimu ndoto usimletee ya kughushi. Kumtuma Mutesi abadilishe mapishi, hapana pia. Hao akina mama wengine wana vidonge nyumbani, na boksi la Barnabé bado limesimama barabarani.

Unauliza nani atakuamini tena. Nami nikuulize: mkalimani ambaye hajawahi hata siku moja kusema "sijui", wewe ungempa salamu za mama yako akazifikishe? Mimi nisingempa.

Kwa hiyo toka nyuma ya pazia sasa hivi, huku nikiwa bado kwenye simu ukitaka. Mwambie Yvette lote, si nusu. Mrudishe kituoni, umpe muuguzi lile jibu ulilolimeza, na umuulize mtu akae mbali na chai kwa muda gani baada ya kidonge, maana chai yenyewe haina kosa, kosa ni wewe uliyeipa kazi isiyo yake. Kisha simama palepale penye kinu, mbele ya walewale, useme kwa mdomo uleule. Barnabé ashushe boksi lake. Watakucheka. Vumilia, kicheko hakishushi damu.

UJUMBE WA MKALIMANI, ULIOTUFIKIA JUMAMOSI JIONI

Mshauri, nimefanya.

Simu ilipokatika nilitoka. Yvette alikuwa amefika kwenye papai. Nilimwambia habari ya neno refu, ya kinu, ya muuguzi. Akaweka kijiko chini polepole, kama kitu cha mtu mwingine. Halafu akasema, "Kumbe miye nilikuwa nakunywa buchungu ya bure." Akashika tumbo, akalia kidogo, na hakuniita dada mpaka jioni.

Ijumaa tulirudi kituoni. Nilimwambia muuguzi kwamba mgonjwa alikumbuka vizuri sana, asiyekumbuka ni mimi. Muuguzi alinisema kwa dakika nyingi, kisha akaniamuru nimtafsirie Yvette kila neno alilonisema. Nikatafsiri. Katikati Yvette akaanza kuuficha mdomo wake kwa kitenge, na nadhani alikuwa anacheka. Kipimo kingine ni baada ya wiki nne. Kidonge sasa anakimeza na maji ya marakuja, muuguzi amekubali. Tabaka la chini ni ndizi na parachichi tu, na leo alikula nusu, akasukuma glasi, akasema ameshiba. Kwa kuwa si dawa tena, halazimiki kumaliza.

Barnabé nilimpitia kwanza. Alishusha boksi, akaligeuza, akaandika upande wa pili CHAI TU.

Leo Mutesi alikuja tena, nikaomba kusema kabla ya somo. Nilisema kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Walicheka, kama ulivyosema, wawili waliondoka bila kuniaga, na mmoja, mwenye mimba, alinitazama kwa namna ambayo nitaibeba siku nyingi. Mama Libérate hakucheka. "Sijui ni neno mufupi," akasema. "Ungelisema ile siku, singechoka mikono bure kila asubuhi." Kisha akamwelekezea Mutesi mchi: "Basi ile neno murefu, maana yake ni nini?"

Nikauliza. Mutesi akaangalia glasi zake, akajibu mwenyewe kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Hata mimi hapana jua, mama. Mimi lisoma kwa paketi."

Wote walikuwa wamesikia. Niliwatafsiria hata hivyo, neno kwa neno, bila kuongeza kitu.