Marumaru ya Sethunya

Mahalapye,
Ijumaa, mchana

Mama yangu mpendwa,

Dumela, mma. Natumaini mvua imekukuta mzima huko mashambani, na goti halikusumbui unapoinama kupalilia. Wale ng'ombe wawili wamepona kwato? Mimi sijambo, ila usingizi umenikimbia, maana mjukuu wako ananyonya kama aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Larona amenenepa hadi shingo haionekani. Nakuandikia akiwa kifuani, kwa hiyo mistari ikipanda na kushuka usinicheke.

Mama, tafadhali isome barua hii yote kabla hujaenda kwa kaka yako, malome. Najua ujumbe wangu wa wiki jana ulikushtua. Nilikwambia Thuso anamjengea mwanamke mwingine nyumba, na nikaomba malome aje na wazee wanitoe hapa mimi na mtoto. Acha nikueleze nilifikaje huko.

Wewe ndiye ungekaa nami katika botsetsi, kama si kulima. Huu ni mwezi wa tatu nimefungiwa chumba kimoja na mtoto. Gogo limelazwa langoni ili wapita njia wajue kuna mzazi, na mama mkwe ndiye anayeingia na uji na kutoka na nepi. Thuso haruhusiwi hata kuchungulia. Yuko chumba cha pili, na kati yetu ni ukuta tu. Mume wangu nimebaki kumjua kwa sauti.

Siku zake za mapumziko hukaa kwenye kompyuta, amevaa hedifoni, akizungumza na rafiki yake Modiri aliyeko Palapye. Ya Modiri siyasikii. Nasikia ya Thuso peke yake. Mwanzoni sikujali. Kisha Jumamosi moja nikamsikia akisema wazi kabisa, "Hapana bwana, mbao ni za hao wengine. Sethunya nampa marumaru."

Nilisimamisha hata kumbembeleza mtoto. Unakumbuka Thuso anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Marumaru anazishika kila siku.

Kuanzia hapo nikawa nasogeza mkeka wangu karibu na ukuta. Nikasikia kuwa Sethunya jana amelala kwenye udongo mtupu na ameamka amenuna. Nikasikia kuwa akinuna tena ataweza kuchoma ghala. Siku nyingine Thuso alibishana na Modiri nusu saa nzima kuhusu jiwe jeupe na jiwe la kijivu, lipi litapendeza machoni pake anapoamka. Akacheka, akamwambia, "Acha choyo wewe. Hata wewe ungempendelea." Mama, mimi hajawahi kuniuliza rangi ya kitu chochote, hata ya blanketi la mtoto.

Nikamuuliza mama mkwe Sethunya ni nani. Alikuwa anakoroga uji. Mkono ukasimama. Hakunitazama. Akasema, "Kula, mma. Mzazi akikaa ndani muda mrefu husikia hata mchwa wakinong'ona." Kisha akatoka haraka, akasahau kijiko. Hapo nikajua na yeye anajua, na kwamba ukoo mzima unamfichia siri. Kesho yake dereva wa gari la mbegu alipopita, nikampa dirishani ule ujumbe akuletee.

Sasa jana, Alhamisi, mama mkwe alikwenda kwenye ibada ya akina mama. Thuso alikuwa chumbani kwake. Nikamsikia akisema, "Imebaki pembe moja tu, kisha anahamia." Anahamia. Nilikaa nikayatafuna maneno hayo. Kisha nikamfunga Larona mgongoni, nikatoka.

Ndiyo, mama. Nimevunja botsetsi, wiki mbili kabla ya siku yangu. Nilipofungua mlango wake, Thuso aliruka akaegemea ukuta, mikono ameificha nyuma. Nikaona hatia tupu. Akasema, "Mbona umetoka? Nimetoka nje sasa hivi, nina miguu ya moto, mtoto ataugua."

Nikamwambia anionyeshe nyumba ya Sethunya.

Akageuza kioo cha kompyuta. Mama, ni mchezo. Kuna watu wadogo kama siafu, wameangukia nchi isiyo na kitu, na wewe unawaamuru walime, wachonge mawe, wajenge. Kila mmoja ana moyo wake. Akilala pabaya, anahuzunika na kazi inaharibika. Akilala penye sakafu nzuri, anachangamka. Marumaru huwachukua siku nyingi kuitandaza, ndiyo maana wenziwe wamewekewa mbao. Chumba cha Sethunya kilikuwa katikati, cheupe chote isipokuwa pembe moja.

Nilitaka kucheka, lakini sikumwachia. Nikamwambia mchezo huu umetengenezwa na watu wa mbali, sasa jina la Kitswana umelipata wapi. Akajifanya anarekebisha waya wa hedifoni. Nikamwambia nasubiri, na mgongo unaniuma.

Ndipo akasema Sethunya alikuwa dada yake mdogo, aliyefariki kabla hajaanza kutembea. Thuso alipoambiwa nimejifungua msichana, alimwomba mama yake tumpe jina hilo. Mama yake alikataa, akasema hawezi kuliita tena katika uwanja huu. Naye hakubisha. Akanieleza huku akitazama chini: "Mtoto wangu sijamwona. Nasikia analia tu nyuma ya ukuta. Nikasema angalau mahali pamoja nimtengenezee mwenyewe."

Mama, haya ndiyo yanayonitia hofu kukuandikia. Nilimfungua Larona mgongoni, nikamweka mikononi mwake. Ile miguu ya moto niliijua, na mwiko niliujua. Alimshika kama bakuli lililojaa hadi ukingoni. Hajapata homa mpaka sasa, nimempima shingo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukuhesabia. Mama mkwe hajui. Usimwambie, nitamwambia mwenyewe siku nitakapotoka, na la jina nalo nitalizungumza naye, taratibu, yeye na mimi.

Kuhusu sakafu, Thuso aliniuliza maoni. Nilimwambia jiwe ni baridi kwa mtoto, atandike zulia. Akabisha kwamba watu wa mchezoni hawapati baridi ya sakafu. Nikamwambia atandike zulia.

Nisalimie majirani wa shambani, na yule bibi wa kisimani. Malome mwambie aliyekosea ni mimi, si Thuso, na nitamwomba radhi uso kwa uso. Tukija baada ya botsetsi, tutakuja watatu kukusalimia, na atakayembeba mtoto njia nzima ni baba yake.

Mwanao akupendaye,
Gaone