Zile Zilizozimika Kwenye Kona

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje tangu mvua zianze? Na Mama, kifua kimetulia? Mimi mwili ni mzima, ila sina raha. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenisikia nalia, ukampa Mama.

Kazi yangu hapa Kagarama unaijua: tunaunganisha pikipiki za umeme na kuzitengeneza zinapoharibika. Mwezi uliopita zilianza kurudi. Motari, ndivyo wanavyoitwa waendesha pikipiki huku, walikuja na neno moja: "Iko inazima yenyewe." Tukiipima, haina kitu. Tukabadilisha betri ya hii, swichi ya ile, zikaondoka, zikarudi. Kisha motari mmoja akazimikiwa kwenye kona, lori likiwa nyuma yake. Alivunjika mguu.

Bosi akauliza ni nani aliyezishika. Nikapanga kadi za matengenezo kwa majina ya mafundi. Jina la Deo, mwenzangu aliyekulia Bujumbura, lilikuwa kwenye nyingi. Nikamwambia bosi. Deo akasimamishwa kazi siku hiyohiyo.

Pikipiki hazikuacha kurudi.

Ndipo nikatandaza tena kadi zote sakafuni, safari hii bila kuangalia majina. Niliwapigia motari mmoja mmoja kuwauliza ilikuwaje ilipozima. Zilizozimika kwenye mvua nikaziweka huku, zilizogoma kuwaka asubuhi kule. Rundo kubwa likawa la zile zilizozimika usukani ukikatwa kushoto. Nikafungua moja shingoni, pale usukani unapoungana na fremu. Waya ulikuwa umebanwa mno na kibanio cha plastiki; usukani ukigeuka unavutwa, na ndani ya ganda lake ulishakatika. Usukani ukinyooka, unagusana tena. Ndiyo maana tulipima tukakosa.

Baba, kubana kule ni kwangu. Shingo zote naunganisha mimi. Deo alikuwa akizipokea tu zikishaharibika.

Nilimweleza bosi. Akasema, "Zirudi zote. Na Deo utamwita wewe, na mdomo yako."

Nikaenda nyumbani kwa Deo, mtaa wa Kabeza. Mkewe alinipa kiti. Deo alisikiliza hadi mwisho.

"Jina yangu, ni wewe uliisema?"

"Ni mimi."

"Ungeniuliza tu. Ningekuambia zinazima kwenye kona. Motari waliniambia."

Amerudi kazini. Tunafungua shingo hizo pamoja. Akitaka bisibisi ananiomba, zaidi ya hapo hasemi. Yule motari bado yuko hospitali. Nilikwenda mara moja, nikamwachia machungwa, nikashindwa kumwambia mimi ni nani. Jumapili narudi kumwambia.

Mama usimsomee haya. Mpe salamu tu, na Bibi, na kaka yangu wa cherehani na mkewe, na shangazi wa sokoni. Ukinijibu, Baba, usinisifu kwamba nilisema ukweli. Niliusema baada ya kumsema mtu.

Ni mimi mwanao,
Mariamu